Vidonge Visivyofanya Kazi Jumapili

Alhamisi, 1 Februari

Daktari Marzano ameniagiza niandike kila siku nimekula nini na tumbo limesemaje. Nimemwambia mimi ni mjenzi wa kuta za mawe, si karani. Akasema, "Basi andika kama unavyojenga, Pantaleo. Jiwe juu ya jiwe." Binti huyo nimemjua tangu ana kamasi puani, leo ananiamuru.

Mambo yenyewe ni haya. Tangu kiangazi nimeacha ngano, kwa sababu binamu yangu wa Torino aliiacha akapona. Na kweli, nilipoiacha tumbo lilitulia, viungo vikaacha kuuma, nikaweza kunyanyua mawe tena. Nikaenda kwa daktari kumpa habari njema. Badala ya kufurahi akashika kichwa. Anasema huenda nina seliaki, ugonjwa ambao gluteni iliyomo kwenye ngano hukwangua utumbo wa mtu. Au huenda ngano hainipendi tu. Au huenda si ngano kabisa. Ili damu iseme ukweli lazima nirudie kula ngano kila siku, mkate na tambi, mpaka katikati ya Machi, ndipo anipime. Nisipokula, damu itanyamaza.

Nilipomweleza mke wangu Uccia, aliweka kisu chini.

"Daktari gani humpa mtu sumu ili ajue kama ni sumu?"

Kisha akakichukua tena, akaendelea kukata.

Lakini linaloninyima raha ni lingine. Tarehe kumi na tisa Machi ni meza ya Mtakatifu Yosefu kwa jirani yetu Cesaria, karamu ya nadhiri ambayo wanakijiji huketi kama watakatifu. Mwaka juzi, majira kama haya, mwanawe Ippazio alianguka na ngazi akipogoa mizeituni, akalala hospitali hajitambui. Cesaria akaweka nadhiri: akiamka, ataandaa meza miaka mitatu. Ippazio aliamka. Huu ni mwaka wa tatu na wa mwisho. Kiti cha Yosefu nimekikalia mimi tangu mwanzo, na nadhiri haibadilishiwi Yosefu katikati. Yosefu huonja kila chakula kinacholetwa, kisha hugonga fimbo, ndipo kinachofuata kije. Asipoonja hata kimoja, meza ni kilema na nadhiri haikutimia. Na kwenye meza ile, ukitoa machungwa na shamari, kila kitu ni ngano au kimeviringishwa kwenye ngano.

Ijumaa, 2 Februari

Mkate asubuhi, tambi mchana, mkate jioni. Tumbo limevimba kama ngoma ya sikukuu.

Jumamosi, 3 Februari

Vivyo hivyo. Nimeacha ukuta wa Bwana De Giorgi nusu, nikakaa nyuma yake nimejikunja. Uccia ameniona nikirudi nyumbani nimeshikilia kuta za watu.

Jumapili, 4 Februari

Kila Jumapili tunakula kwa dada yangu Abbondanza, tangu mama afariki. Dada amepewa jina la neema na analitendea haki. Sahani yake ya tambi ungeweza kumzika mtu ndani.

"Hii seliaki ni fasheni ya watu wa kaskazini," alisema akinipakulia. "Babu yetu alikula ngano mpaka siku ya kufa."

"Alikufa na miaka arobaini na minane, wifi," Uccia akamjibu.

"Alikufa kwa kifua!"

"Nani alimpima?"

Hawa wawili wakikaa meza moja mimi huangalia saa. Nimekula, nimerudi, nimelala kifudifudi.

Jumatatu, 5 Februari

Nimekwenda duka la dawa la Quintino. Nimemweleza mambo ya tumbo, na ya Yosefu pia. Quintino, kama mke wangu, huniita Leu kwa kifupi. Amenishushia kopo la vidonge kutoka rafu ya juu.

"Hivi ni vimeng'enya, Leu. Unameza pamoja na tonge la kwanza. Vinaikatakata gluteni tumboni kabla haijashuka kwenye utumbo. Wapo watu wasiopatana na ngano wanaosema vinawasaidia. Lakini nisikilize vizuri: kama una seliaki, hivi si ruhusa ya kula mkate. Hakuna kidonge kinachokata yote. Na mwambie daktari wako unavitumia."

Mimi nilisikia mpaka "vinawasaidia." Yaliyobaki nimeyakumbuka sasa tu kwa sababu ninaandika. Kwa daktari sisemi. Ataninyang'anya.

Uccia nimemwonyesha kopo. Alilizungusha mkononi kwa muda mrefu akisoma maandishi madogo.

"Na hivi vitakuzuia usiumwe?"

"Quintino anasema."

"Mungu akubariki na Quintino wako," akasema, akaenda kuanika nguo.

Jumanne, 6 Februari

Kidonge na mkate. Nimeumwa. Kidonge na tambi. Nimeumwa. Euro ishirini na nne zangu.

Jumatano, 7 Februari

Nimeumwa. Uccia amesema tanuri la Tonio mwokaji limeanza kuwa chafu, kuanzia kesho mkate ataoka mwenyewe.

Ijumaa, 9 Februari

Jana sikuandika kwa sababu sikuamini. Leo ninaandika. Mkate mara mbili, tambi sahani nzima, kidonge kila mara, na tumbo kimya. Nimejenga urefu wa mikono mitano na kurudi nikiimba. Nadhani vilihitaji siku za kuzoeana na mwili.

Jumamosi, 10 Februari

Salama. Ila vidonge hivi vinaharibu ladha. Mkate wa Uccia unapukutika mdomoni kama ukuta uliojengwa na mtu mwenye haraka, na tambi zinakatika kabla ya uma kufika. Nimemwambia Uccia. Amesema labda ndiyo kazi ya vidonge, kukatakata.

Maneno yake yana akili.

Jumapili, 11 Februari

Kwa Abbondanza. Kidonge kimoja, kisha cha pili kwa siri chini ya meza. Tambi za dada tamu kama za zamani, hazikupukutika hata kidogo. Nimeumwa kama mbwa.

Jumatatu, 12 Februari

Nyumbani. Salama kabisa. Sielewi. Hata vimeng'enya ni Wakristo, vinapumzika Jumapili.

Jumatano, 14 Februari

Jumatano ya Majivu. Nilikuwa ninarekebisha ukuta kwenye shamba la Cesaria, na Ippazio alikuwa akipogoa upande wa pili. Siku hizi hapandi ngazi, anatumia msumeno wenye mpini mrefu. Anachechemea, lakini anafanya. Mchana alinigawia mkate wake na mafuta. Nikameza kidonge, nikala. Saa tisa nilikuwa nimelala kwenye majani na yeye ananipepea kwa kofia.

"Baba mdogo, nimwite mama?"

"Usimwite. Usimwambie kitu."

Kama Cesaria akijua Yosefu wake analala chini kwa kipande cha mkate, hatapata usingizi mpaka Machi.

Leo si Jumapili. Basi habari ya Jumapili si kweli. Upepo wa kusini umevuma tangu asubuhi, ule wenye unyevunyevu unaotoa jasho mpaka mawe. Huenda ni upepo.

Alhamisi, 15 Februari

Upepo wa kusini bado. Nimekula nyumbani. Salama.

Nimekaa na kalamu mkononi nikitazama sentensi hiyo. Si upepo.

Jumapili, 18 Februari

Kwa Abbondanza. Upepo wa kaskazini, mbingu safi, nimeumwa.

Jumatatu, 19 Februari

Nimemuuliza Quintino kama vidonge vyake hubadilisha ladha ya mkate. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kama viatu hubadilisha rangi ya macho.

"Sijawahi kusikia. Mkate wa nani?"

"Wa mke wangu."

"Leu," alisema taratibu, "mambo ya mkate wa mke wa mtu mimi siingii."

Jumapili, 25 Februari

Abbondanza ana mafua, tumekula nyumbani. Salama.

Jumapili, na salama! Sasa nimeona mwanga, ingawa mwanga wenyewe unaniumiza. Siumwi siku ya Jumapili, naumwa jikoni kwa dada yangu. Na kwa Ippazio je? Mkate ule Ippazio alisema umetoka wapi? Abbondanza humwokea Cesaria kila wiki. Kikulacho ki nguoni mwako.

Anaweka nini humo? Mafuta ya nguruwe mabovu? Au ni ile hasira yake tu inayoingia kwenye unga?

Jumanne, 27 Februari

Nimekwenda kumuuliza. Sikupaswa kwenda.

Nilianza kwa upole. "Dada, unga wako unaununua wapi?"

"Palepale alipoununua mama. Kwa nini?"

"Nikila kwako naumwa. Nikila kwa Uccia siumwi."

Aliweka mikono kiunoni. Mafua bado yalikuwa yanamtoka puani na hakuyafuta. "Miaka sitini na mitatu unakula mkononi mwangu na mkononi mwa mama. Leo ninakutilia sumu?"

"Sikusema sumu."

"Umesema. Toka. Nenda kwa mpishi wako mtakatifu."

Nimetoka. Nyumbani nilimwambia Uccia kila kitu, nikidhani angalau yeye atafurahi, maana amengoja miaka thelathini nimwone Abbondanza hivyo. Hakufurahi. Alikaa kwenye kiti cha jikoni na kusema, "Hukupaswa kumwambia hivyo dada yako." Sasa sielewi hata mke wangu.

Jumapili, 3 Machi

Hatukwenda. Salama. Chakula cha Jumapili cha watu wawili kinaisha upesi mno.

Jumatano, 6 Machi

Cesaria amekuja na kanzu ya Yosefu aipime mabegani mwangu. Mwaka jana ilinibana, mwaka huu inaning'inia kidogo. Akanipa na fimbo niishike, aone kama imepinda.

"Ukiniambia huwezi," alisema akitazama pindo, si mimi, "nitaelewa. Watu wanasema unaumwa."

"Wanasema nini?"

"Abbondanza anasema umerukwa na akili. Wengine wanasema tumbo."

"Nitaketi," nikamwambia. "Nina vidonge."

Aliushika mkono wangu na kuubusu kabla sijauvuta. Mkono wa mjenzi, umejaa chokaa.

Jumatatu, 11 Machi

Nimetolewa damu.

"Umekula ngano kila siku?" daktari ameuliza.

"Kila siku. Mke wangu shahidi."

"Kuna dawa yoyote unayotumia? Hata ya dukani, hata ya mitishamba?"

"Hakuna."

Nimeandika hapa kwamba nimesema uongo. Daftari hili haliendi kwake tena.

Ijumaa, 15 Machi

Damu ni safi! Daktari amegeuza karatasi mara mbili kana kwamba upande wa pili kuna habari nyingine.

"Hakuna dalili ya seliaki. Lakini Pantaleo, hadithi yako ya kiangazi na karatasi hii hazipatani."

"Kwa hiyo sina kitu?"

"Kwa karatasi hii, huna."

Nilitoka nikitembea kama mtu aliyefutiwa deni. Sina kitu! Ngano ni yangu, meza ni yangu, tambi za Abbondanza ni zangu. Lakini nilipofika kwenye ngazi za kanisa nikasimama. Kama sina kitu, ile Jumatano nilikuwa nimelala kwenye majani kwa ajili gani?

Nimemwambia Uccia. Alinishika uso kwa mikono miwili, akasema "Ashukuriwe Mungu," kisha akaingia chumbani na kukaa huko.

Jumamosi, 16 Machi

Wanawake wote wako kwa Cesaria, wanakanda. Mikate ya watakatifu imeshatoka kwenye tanuri, mikubwa, ya mviringo yenye tundu katikati, ule wa Yosefu mkubwa kuliko yote, mtu mzima akiukumbatia vidole havikutani. Harufu imefika mpaka kwetu. Uccia amerudi unga umemjaa nywele, hasemi. Nikamuuliza ana nini. "Mgongo."

Kesho nitakwenda kupatana na dada.

Jumapili, 17 Machi

Naandika jioni.

Tulikwenda kwa Abbondanza. Nilibeba chupa ya mvinyo na karatasi ya daktari. Alifungua mlango, akaangalia chupa, akaangalia karatasi, akasema, "Ingia, mwendawazimu." Tukakumbatiana. Alilia kidogo na mimi pia. Akapika tambi pana za mkono, na mimi nikala sahani mbili ili kumwonyesha. Kidonge kimoja mwanzo, kingine katikati, sikukificha.

Haikupita saa. Sitaandika yote. Nilikuwa kwenye sakafu ya choo chake, shavu kwenye vigae, jasho baridi, tumbo linapasuka. Kilichonitisha si maumivu, hayo nimeyazoea. Kilichonitisha ni ile karatasi mfukoni. Damu safi. Huna kitu. Basi yote haya ninayatengeneza mwenyewe kichwani. Nilimkumbuka mjomba Rocco aliyesikia nyuki ukutani mpaka akaubomoa. Nikaanza kulia kwa sauti, mimi, mzee mzima.

Wote wawili walikuwa mlangoni.

"Nimerukwa na akili," nikawaambia. "Abbondanza alisema kweli. Damu inasema sina kitu, na mimi nakufa. Nipelekeni kwa daktari wa vichaa."

"Huna wazimu," Uccia akasema.

"Karatasi inasema..."

"Karatasi inasema uongo kwa sababu mimi nimesema uongo." Alikuwa ameshika fremu ya mlango. "Hujala ngano nyumbani kwangu tangu wiki ile ya kwanza, Leu. Mkate ninaokuokea ni wa mchele na mahindi. Tambi ni za mchele. Unga naufuata Maglie kwa basi, naficha kwenye kapu la nguo chafu kwa sababu najua hutalifungua kamwe."

Abbondanza alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakikutoka kitu.

Mimi niliuliza swali la kijinga. "Na vidonge?"

"Vidonge havikufanya lolote. Ulikuwa unameza vidonge kwa mkate wa mchele."

"Lakini kwa nini? Daktari alisema wazi. Nisipokula, damu itanyamaza."

"Mimi nilidhani damu yako ni damu yako!" Sasa alikuwa anapiga kelele. "Nilidhani kama ugonjwa upo, upo, ukila mchele, ukila mawe! Nilidhani daktari ni msichana tu anayetaka kuona. Leu, mama yangu ulimkuta keshalala kitandani. Hukumwona alivyofika pale. Alikuwa anakonda, na sisi tunamlainishia mkate kwenye maziwa. Asubuhi mkate na maziwa, jioni mkate na maziwa. Akirudisha, tunamlisha tena. Mimi ndiye niliyeshika kijiko. Tukamzika mwepesi kama mtoto. Hakuna aliyetuambia alikuwa na nini. Halafu wewe unaniambia nikuwekee mkate mezani kila siku, unatoka nje unashika kuta. Nilivumilia mpaka ile Jumatano ya kwanza. Sikuweza zaidi."

Nilikuwa nimekasirika, hilo naliandika. Wiki zote zile, kugombana na dada, kuchunguza upepo kama bwege. Lakini nilimtazama pale mlangoni na hasira haikupata mahali pa kukaa. Na mimi je? Mimi nilimficha daktari vidonge. Mficha uchi hazai, na nyumbani kwetu tulikuwa tunaficha wawili.

Abbondanza ndiye aliyesema kwanza. "Kwa hiyo sumu haikuwa kwangu."

"Hapana, dada. Kwako ilikuwa ngano tu."

"Basi nitakubali kuombwa msamaha mkiwa mmekaa. Hapa chooni hapana heshima." Akanishika kwapa moja, Uccia la pili, wakaninyanyua. Sikumbuki lini wawili hao waliwahi kushika kitu kimoja.

Jumatatu, 18 Machi

Asubuhi tumekwenda kwa daktari wote wawili. Uccia amesema ya mchele, mimi nimesema ya vidonge. Daktari Marzano alitusikiliza amefumba macho.

"Kuna mwingine anayetaka kuongeza kitu?" akauliza.

Hakugomba, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alitueleza upya, taratibu. Kile kinachotafutwa kwenye damu ni alama za mwili unaopigana na gluteni. Gluteni isipokuja mwili haupigani, na alama hufifia. Kwa hiyo ile karatasi ni karatasi tupu. Nianze upya, ngano ya kweli kila siku, wiki sita, na vidonge niviache kabisa. Uccia akauliza kama nitakufa. Daktari akamshika mkono, akasema wiki sita hazitaniua, kutojua ndiko kunakoua watu polepole. Nikishindwa kabisa nimpigie simu, kuna njia nyingine, ya kamera tumboni, ila nayo hutaka ngano.

"Na mama yangu?" Uccia akauliza.

Daktari aliweka kalamu chini. "Hilo siwezi kujua tena, mama. Lakini hukujua. Hakuna aliyejua."

Kutoka hapo nikaenda moja kwa moja kwa Cesaria. Ua lake limejaa majani ya mihadasi, meza imeshatandikwa kitambaa cheupe. Nikamweleza yote. Alikaa kwenye kiti changu mwenyewe, kiti cha Yosefu.

"Basi usiketi," alisema. "Nitamwambia Mungu nilijaribu. Siwezi kununua mwanangu kwa tumbo la mwanaume mwingine."

"Cesaria, daktari ameniamuru nile ngano. Hakusema nile wapi."

Aliniangalia akitafuta kama ninatania. Nilikuwa ninatania, na sikuwa.

Jumanne, 19 Machi

Kanzu, fimbo, na mfuko mtupu. Kopo la Quintino nimeliacha nyumbani. Niliogopa. Mwaka jana na mwaka juzi niliketi pale nikifikiria chakula, mwaka huu nilijua kila sahani kwa adui aliyemo ndani yake.

Padri alibariki, watakatifu tukaketi, watu wakasimama ukutani kimya kama inavyotakiwa. Uccia alikuwa karibu na mlango. Nyuma ya kiti changu alisimama Abbondanza, ameshika beseni lililofunikwa taulo. Aliinama na kuninong'oneza, "Ukitapika, Yosefu wetu, tapika humu. Usiaibishe ukoo."

Mkate kwanza. Nikaumega, nikaonja. Nikagonga fimbo. Tambi za ngano zilizochanganywa na dengu, nusu ya kuchemsha na nusu ya kukaanga. Nikaonja, nikagonga. Vitunguu-mwitu vichungu, hivyo havina ubaya, nikajipa nafuu kwa vijiko viwili. Samaki mkavu wa kukaanga, amejaa unga. Nikaonja, nikagonga. Kila nikigonga nilimwona Cesaria akishusha mabega kidogo, kama mtu anayetua mzigo kwa awamu. Vitobosha vya kabichi, iliyochovywa kwenye unga na kukaangwa. Vitamutamu vya asali. Maumivu yalianza kwenye vitobosha. Fimbo ikawa ya kushikilia, si ya kugongea tu.

Mwisho huletwa ile mikate mikubwa, kila mtakatifu aende na wake nyumbani. Wa Yosefu aliuleta Ippazio. Aliubeba kifuani kwa mikono miwili, akichechemea, kutoka jikoni mpaka kwenye meza, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu mama yake alimzuia kila aliyesogea. Akauweka mbele yangu. Jasho lilikuwa linamtoka na mimi pia.

"Pokea, Mtakatifu Yosefu."

Nikagonga fimbo mara ya mwisho. Cesaria alikaa chini sakafuni palepale na kufunika uso kwa aproni.

Beseni halikutumika mbele za watu. Baadaye ni habari nyingine.

Jumatano, 20 Machi

Kitandani. Abbondanza ameleta mchuzi na habari kwamba kijiji kizima kinasema hakijapata kuona Yosefu mwenye sura ya mateso ya kweli kama mwaka huu.

Alhamisi, 21 Machi

Siku ya mwanga sawa na giza, mvua ndogo. Nimeamka naweza kusimama.

Mkate wa Yosefu uko juu ya meza ya jikoni, umejaa meza. Uccia ameukata robo tatu na kuzipanga kwenye friza. Unatosha wiki nyingi. Mkate uliobarikiwa hautupwi, na daktari anataka ngano ya kweli, kwa hiyo ndio nitakaokula mpaka Mei. Kapu la nguo chafu liko wazi, halina kitu ila nguo chafu. Kopo la vidonge nimelirudisha kwa Quintino, akalipokea bila swali. Amesema huenda ipo siku vitanifaa, damu ikishasema. Huenda. Bado sijui nina nini. Ila kwa mara ya kwanza tangu Februari najua ninachokula.

Nilikaa. Uccia alichukua kisu cha mkate, akakata kipande chembamba hata ningeweza kusomea gazeti upande wa pili. Akakitia mafuta. Akakiweka mbele yangu na kuvuta kiti, akakaa kunitazama. Mikono yake aliificha chini ya meza lakini niliona mabega yamepanda.

"Kula basi," akasema.

Nilimwona yule binti mwenye kijiko, ambaye sikuwahi kumjua.

"Uccia."

"Nini?"

"Kata nene."